Senkrasi kwa mfugaji wa nyanda kame: kutoka mbegu hadi robota

Kila Januari maswali ni yaleyale. "Nimepanda majani ekari nzima, hayajaota." Yakiota, mbuzi wa jirani wameyamaliza. Yakisalimika, mwenyewe anayakata Juni yamekauka kama fito, anajaza banda, halafu Septemba ng'ombe wanayalalia badala ya kuyala.

Lawama zote hutupiwa mvua. Lakini nyasi ninayoizungumzia hapa, Cenchrus ciliaris, nitakayoiita senkrasi ili tusichoshane, huweza kuishi mahali penye milimita 300 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata karibu 550 hadi 600. Mvua ipo. Wengi hushindwa kabla haijanyesha, kwa mbegu ambayo hawakuipima na wakaifukia mno, au hushindwa baadaye kabisa, kwa mundu uliochelewa.

Mwongozo huu umefuata msimu wa mvua moja kama wa Dodoma na Singida, mvua inayoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Walioko Kitui, Makueni na Kajiado wana misimu miwili. Wao wapande kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, maana huko ndizo za kutegemewa zaidi, kisha wafuate hatua zilezile.

## Andaa hivi kwanza

Kwa ekari moja:

- Mbegu ya senkrasi kilo 2 hadi 3, iliyokaa ghalani angalau miezi 6 tangu ivunwe
- Samadi iliyooza vizuri, tani 2 hadi 4
- Plau na maksai, au majembe ya mkono
- Kamba ndefu, vigingi, na fremu ya herufi A ya kupimia kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko
- Mchanga mkavu na majivu
- Matawi ya miiba ya kutosha kuzungushia shamba
- Mundu au fyekeo lenye makali, reki, na uma wa kugeuzia majani
- Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, pamoja na kamba za katani
- Chumvi ya mezani na chupa ya kioo yenye mfuniko. Usicheke, tutafika.

Mbegu ulizia kwanza kwenye vituo vya utafiti wa mifugo: kwa Tanzania TALIRI Kongwa na Mpwapwa, kwa Kenya KALRO Kiboko. Ukinunua kwa mtu binafsi, muulize swali moja tu: ilivunwa mwezi gani? Asiyejua, mwache na mbegu yake.

## Hatua ya 1: Chagua ardhi inayoifaa

Senkrasi inapenda udongo mwekundu au wa kichanga-tifutifu unaopitisha maji. Haipendi kusimama kwenye maji. Kama eneo lako ni mbuga nyeusi, ule udongo unaonata kwenye viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi, usiipande hapo. Tafuta Panicum coloratum aina ya bambatsi, hiyo ndiyo inayovumilia udongo mzito.

Na majani tembo je? Hayo yanataka mvua nyingi, milimita 1,000 kwenda juu, au umwagiliaji. Nimeona watu wakiyabeba kutoka Arusha hadi Manyoni kwa gharama ya kutisha. Mwaka wa kwanza yanapendeza, wa pili yamebaki visiki.

## Hatua ya 2: Pima uotaji, usiamini mdomo

Fanya kazi hii Oktoba, wakati bado una muda wa kutafuta mbegu nyingine.

Mbegu ya senkrasi haifanani na mtama. Ni kama kipamba chenye nywele, na punje yenyewe imejificha ndani. Chukua vipamba kumi, kimoja kimoja ukisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi kitu kigumu kidogo kama chembe ya mchanga, kuna punje. Kikiyeyuka chote kuwa vumbi la nywele, ulichonunua ni makapi.

Kisha hesabu vipamba 100. Vipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya sahani, funika kwa kitambaa kingine, weka kivulini. Nyunyiza maji asubuhi na jioni kwa siku 14. Hesabu vilivyotoa mzizi.

- Vikiota 30 au zaidi: tumia kilo 2 hadi 3 kwa ekari.
- Vikiota 15 hivi: ongeza mbegu mara mbili.
- Chini ya 10: usipande. Kama ni mbegu mpya, itunze hadi mwaka ujao, kwa sababu mbegu ya senkrasi iliyotoka tu shambani imelala. Huhitaji miezi 6 hadi 12 ghalani ndipo iamke.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilinunua mbegu nzuri, inanukia majani mabichi, nikaona nimepata bahati. Ilikuwa imevunwa wiki tatu zilizopita. Ekari nzima ikanipa mbaruti na gugu karoti.

Hifadhi mbegu kwenye gunia linalopumua, mahali pakavu. Mfuko wa plastiki huitunzia unyevu na ukungu.

## Hatua ya 3: Uzio kabla ya jembe

Watu hupanda kwanza, uzio "tutaangalia". Matokeo yake unayajua. Kwa mazoea ya vijiji vyetu, baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na shamba la majani halihesabiwi kuwa shamba. Majani ni ya Mungu, utaambiwa.

Kwa hiyo zungushia miiba, halafu nenda ofisi ya kijiji uwaeleze kwamba pale ni shamba, lina mwenyewe na mipaka yake. Kama kijiji tayari kina utaratibu wa kufunga malisho ya kiangazi, kama ngitili kwa Wasukuma, milaga kwa Wagogo au alalili kwa Wamasai, omba sheria ndogo zilezile zilinde na shamba lako. Uzio bila makubaliano hufunguliwa usiku.

## Hatua ya 4: Lima kufuata kontua

Lima Oktoba au Novemba, kina cha sentimita 15 hivi kinatosha. Vunja mabonge, changanya samadi. Vichaka vidogo na visiki vya magugu vitoe kabisa, ila miti mikubwa iache. Ng'ombe nao wanataka kivuli.

Pima kontua kwa fremu A, kisha chora mifereji midogo ikikata mteremko, nusu mita kutoka mmoja hadi mwingine. Mvua za huku hushuka kwa fujo: saa moja, milimita 40, na zote zimeishia korongoni. Mfereji unaokata mteremko hushika maji hayo na hushika mbegu pia. Ukichora kufuata mteremko, mvua ya kwanza itakupelekea mbegu zote chini kwa jirani, naye atapata malisho mazuri sana.

Penye mmomonyoko mkali au ardhi ngumu kama sakafu, chimba makingio ya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu mlimani, na upande ndani yake.

## Hatua ya 5: Panda juu juu

Ekari ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo utapata mistari kama 127. Kilo 2.5 ukizigawa hapo, kila mstari unapata gramu 20. Pima gramu 20 mara moja kwenye mizani ya duka uone ni viganja vingapi, maana mbegu hii ni nyepesi na macho hudanganya.

Vipamba hushikana na kupeperuka. Changanya na mchanga mkavu na majivu kidogo. Mchanga huvitenganisha, majivu husaidia kupunguza sisimizi, ambao hubeba mbegu hizi usiku kucha kama wamelipwa. Panda asubuhi kabla ya upepo.

Nyunyiza ndani ya mfereji, kisha buruta tawi la mwiba juu yake mara moja. Basi. Mbegu isizidi sentimita 1 hadi 2 chini ya udongo. Usifukie kwa jembe, usipitishe plau tena, usikanyagekanyage. Punje hii ni ndogo, akiba yake ya chakula haitoshi kuisukuma kutoka chini. Ukimaliza kupanda na bado unaona vipamba vichache juu ya udongo, umefanya sawasawa. Usipoona hata kimoja, nina wasiwasi na wewe.

Wakati: mimi hupanda kwenye vumbi, wiki ya mwisho ya Novemba. Wengine husubiri mvua ya kwanza ya kulowanisha, si mbaya. Kibaya ni kusubiri hadi Januari ukiwa umemaliza mtama na karanga. Miche itakutana na kiangazi ikiwa na mizizi mifupi, na hapo ndipo inapofia.

## Hatua ya 6: Palizi na subira ya mwaka wa kwanza

Wiki tatu hadi nne baada ya kuota, palilia. Mche wa senkrasi na mche wa gugu la jamii ya nyasi vinafanana kama pacha. Ndiyo faida ya mistari: kilicho kwenye mstari kiache, cha katikati king'oe. Rudia mara moja tena.

Tembea shambani asubuhi hasa Januari. Viwavijeshi wakitokea, huanza na nyasi changa, na ndani ya siku chache wanaacha mashina matupu. Ukiona majani yametafunwa kingo na viwavi weusi wenye mistari, mwite afisa ugani siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.

Mwishoni mwa mvua ukipata shina moja kila shubiri moja au mbili, umefaulu. Shamba litaonekana lina mapengo. Usilime upya. Mashina hayo yatatanuka, na mbegu zitakazodondoka zitajaza nafasi mwaka wa pili.

Usilishe mapema. Kipimo ni hiki: shika fungu la majani karibu na udongo, lizungushie mkononi, livute kwa nguvu kama ulimi wa ng'ombe unavyovuta. Likikatika, mizizi imeshika. Likija na mizizi, funga lango. Mwaka wa kwanza mimi huacha nyasi itoe mbegu na kuzimwaga, ndipo nakata mabaki. Ni hasara ya msimu mmoja, ila shina la senkrasi likishakamata linadumu miaka mingi.

## Hatua ya 7: Kata kwenye maua, si kwenye ukavu

Hapa naomba usome polepole, maana hata wenye mashamba mazuri huharibu hapa.

Nyasi changa inayoanza kutoa masuke ina protini kama asilimia 8 hadi 12. Ikishamwaga mbegu na kugeuka rangi ya majani ya mahindi makavu, hushuka hadi asilimia 3 au 4. Sasa, vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe, ambavyo ndivyo hasa vinavyomeng'enya majani, vinahitaji protini karibu asilimia 7. Chini ya hapo vinalegea, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anajisikia ameshiba na anaacha kula. Ndiyo maana anakonda mbele ya hori lililojaa.

Tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 7 za hei, yaani majani yaliyokatwa na kukaushwa, kwa siku. Hei ya asilimia 8 inampa protini gramu 560. Hei ya asilimia 4 inampa 280. Kuliziba pengo hilo unahitaji karibu kilo 1 ya mashudu ya alizeti kila siku. Kiangazi cha siku 180, hizo ni kilo 180 za mashudu kwa ng'ombe mmoja. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewesha mundu.

Kwa nini basi watu wanachelewa? Si uvivu. Senkrasi iliyokomaa huchanua Januari na Februari, mvua ikiwa bado ipo, na hakuna anayetaka kuanika hei mvuani. Kwa hiyo wanasubiri mvua iishe. Ikiisha, nyasi nayo imekwisha.

Njia ya kutoka ni kukata mara mbili.

Kata ya kwanza, mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Hii si ya hei. Kata kidogokidogo kila siku, wape mbichi ng'ombe wa maziwa na ndama. Kumbuka nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa: kilo 4 za mbichi ni sawa na kilo 1 hivi ya kavu.

Kata ya pili, wiki 6 hadi 8 baadaye. Nyasi inachipua upya na kuchanua mwishoni mwa Machi au Aprili, mvua zikiwa zinaaga na jua limeanza kutulia. Hii ndiyo hei yako.

Kujua siku yenyewe, ingia katikati ya shamba, si pembeni, hesabu mashina kumi bila kuchagua. Matatu au manne yakiwa na masuke, noa mundu kesho. Yakiwa yote kumi, ulipaswa kuwa hapa wiki iliyopita.

Acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Humo ndimo akiba ya kuchipulia ilimo. Kukata hadi udongoni hukupa marobota machache zaidi leo, na mapengo mwaka kesho.

Na kama unataka mbegu? Tenga kipande chake, robo ekari hivi, usikikate mara ya pili. Shamba moja haliwezi kukupa hei nzuri na mbegu nzuri kwa pamoja.

## Hatua ya 8: Anika, funga, hifadhi

Kata asubuhi umande ukishakauka. Tandaza nyembamba, geuza mara moja au mbili kwa siku. Geuza asubuhi, usigeuze saa nane mchana, kwa kuwa wakati huo majani yamekuwa mepesi kuvunjika na utabaki na mashina. Protini nyingi iko kwenye majani. Kwa jua zuri, siku 2 hadi 3 zinatosha. Wingu likitanda, kusanya vichuguu vidogo na ufunike kwa turubai, au panga kwenye vichanja.

Sasa ile chumvi. Katakata hei kiganja kimoja, tia kwenye chupa kavu, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikibaki inamwagika chembechembe, hei iko tayari. Ikigandamana, bado ina unyevu zaidi ya asilimia 15, irudishe juani.

Kufunga: laza kamba mbili ndani ya sanduku, jaza hei, kanyaga kwa miguu, jaza tena, funga, nyanyua sanduku. Robota lililoshindiliwa vizuri lina uzito wa kilo 20 hivi. Kwa ng'ombe mmoja, kilo 7 mara siku 180 ni kilo 1,260, yaani marobota 63. Ekari moja ya senkrasi kwa mvua ya kawaida hutoa tani 1 hadi 2 za hei. Kwa hiyo panga ekari moja kwa ng'ombe mmoja, na ikizidi shukuru. Mwenye ng'ombe arobaini na ekari mbili aamue mapema nani ataila: wanaonyonyesha, mitamba wenye mimba, na maksai wa kulima Novemba.

Panga marobota juu ya magogo, mbali na ukuta, chini ya paa. Mwaga majivu chini kupunguza mchwa. Wiki mbili za mwanzo chomeka nondo katikati ya rundo, iache robo saa, ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, bomoa rundo upesi. Hei iliyofungwa mbichi hujipasha yenyewe hadi kuwaka. Yenye ukungu usimpe mnyama yeyote.

## Hatua ya 9: Rudisha ulichotoa

Kila tani ya hei yenye protini asilimia 8 inaondoka na karibu kilo 13 za naitrojeni. Ukivuna miaka mitatu bila kurudisha kitu, nyasi inapungua na utasema mbegu ilikuwa mbovu. Kila mwaka kabla ya mvua mwaga samadi tani 2 kwa ekari. Kuanzia mwaka wa pili unaweza pia kupenyeza stailo au klitoria kati ya mistari. Hizi ni mikunde, zinaongeza protini kwenye hei na naitrojeni kwenye udongo.

## Hatua ya 10: Lisha, kisha tazama kinyesi

Weka hei kwenye hori, si chini. Ikikanyagwa na kukojolewa hailiwi. Maji yawepo, na jiwe la chumvi. Kama una punda, usimpe senkrasi peke yake miezi mfululizo. Ina oksalati inayozuia kalsiamu, na jamii ya farasi huumia mifupa kuliko ng'ombe.

Halafu kila asubuhi, kabla watoto hawajafagia zizi, angalia chini. Kinyesi kilichotandaa laini, chenye kishimo kidogo katikati, kinakwambia tumbo linafanya kazi na hei inatosha. Kikiwa kimesimama kwa matabaka makavu, kama maandazi yaliyobebanishwa, na ndani unaona vipande virefu vya mashina, protini imepungua. Anza mashudu, nusu kilo kwa siku, upande hadi kilo moja, na endelea kutazama. Mabadiliko utayaona zizini kabla hujayaona mbavuni.